Kuchagua kwa Ajili ya Saa Mbaya

Mashine ya kusaga inapowashwa moja kwa moja, mota yake huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na kwa sekunde chache taa za jirani hufifia. Mteja aliyepanga foleni na debe lake la mahindi haoni hilo. Fundi wa paneli amekazia macho mita, kwa sababu volti za sekunde hizo ndizo atakazochagulia vifaa.

Ufundi huu naupenda kwa kuwa hauanzii dukani. Fundi mzuri wa Katandala, mjini Sumbawanga, hupima asubuhi kabla ya kazi, kisha mchana mashine za mtaa zote zikinguruma. Kwenye karatasi ni volti 230 kwa fezi moja na 400 kati ya fezi na fezi. Zinazofika kweli ni habari nyingine. Na umeme wa hapa umetoka mbali: kwa miaka mingi Sumbawanga, ikiwa nje ya Gridi ya Taifa, ililishwa kutoka Zambia kupitia Mbala kwa njia ya kilovolti 66. Mradi wa TAZA, wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma, ulibuniwa kuifikisha gridi huku.

Uzuri wenyewe uko ndani ya paneli. Koili za kontakta, swichi za sumaku zinazoiwasha mota, zikilishwa volti 230 moja kwa moja, umeme ukiporomoka hata kwa muda mfupi huachia, kazi inasimama. Fundi huzihamishia kwenye volti 24, zitokazo kwenye pawasaplai inayokubali kuanzia volti 85 hadi 264. Hiyo hustahimili mkatiko wa milisekunde 20 hivi, yaani mzunguko mmoja wa umeme wetu. Lakini sasa amejitengenezea hatari mpya: mota itaendelea kushikiliwa huku volti ziko chini, au fezi moja imepotea, na itaungua. Kwa hiyo anaweka rilei ya kulinda fezi. Vidhibiti vibaki macho, mota iachiwe. Kisha anahakikisha umeme ukirudi mashine haijiwashi yenyewe, maana huenda mtu ameingiza mkono kuzibua mahindi. Hapo ndipo namvulia kofia.

Stabilaiza haitibu kila kitu, na fundi huyu hamdanganyi mwenye mashine. Ile ya kuzungusha mota ndogo ndani hufaa volti zikiwa chini kwa muda mrefu. Mtikisiko mfupi unapita kabla haijageuka. Radi za masika zinataka kinga yake.

Pawasaplai anaichagua kubwa kuliko hitaji: vifaa vikila ampea 5, anafunga ya 10, na juu na chini yake anaacha nafasi ya hewa kupita. Kapasita za ndani hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na vumbi la unga huziba matundu upesi.

Athi, yaani fimbo zinazopeleka umeme uliovuja ardhini, anaipima kiangazi. Msimu wa kusaga sana huja baada ya mavuno, udongo wa Ufipa ukiwa umekauka na kupitisha umeme kwa shida. Kipimo cha Machi, ardhi ikiwa imelowa, anakiandika, lakini mwezi wa Septemba anarudi na mita yake. Usomaji ukipanda kupita kiasi, anapigilia fimbo nyingine.