Ufundi wa Nyimbo Bembelezi na Maswali ya Baba Mtarajiwa wa Zagayu

Nyimbo bembelezi, yaani nyimbo zinazoimbwa kumtuliza au kumlaza mtoto mchanga, zina nafasi yake katika fasihi simulizi, na M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi hiyo, alizitaja kwa jina la bembea. Hazina budi kutenganishwa na nyimbo za michezo, ambazo watoto wenyewe huziimba wakiwa wamekwisha kupata miguu na maneno. Baba mtarajiwa wa kata ya Zagayu, mkoani Simiyu, ambaye mkewe anakaribia kujifungua na ambaye pengine ndiyo kwanza anazisikiliza nyimbo za aina hizo mbili kwa makini, hukuta humo silabi zisizo na maana, malalamiko ya mtu asiyetajwa, fisi anayenyemelea, na hata minazi katika nchi ya pamba na mifugo. Mambo hayo yanaelekea kuwa upuuzi, lakini kila moja lina sababu yake katika jinsi wimbo ulivyoundwa.

Sababu ya kwanza ni ya sauti. Kisukuma ni lugha ya toni, yaani lugha ambamo kupanda au kushuka kwa sauti katika silabi kunaweza kubadili maana ya neno, tofauti na Kiswahili ambacho kimeiacha toni na kubaki na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Anayeimba kwa lugha ya toni hulazimika kuuchunga muziki usiyapotoshe maneno, na ndiyo maana silabi tupu, zile zinazorudiwa bila kubeba maana yoyote ya kikamusi, humsaidia sana: katika silabi hizo sauti inaweza kushuka polepole na kuvutwa itakavyo, ikifuata mwendo wa mwili wa mbebaji. Mtoto aliyefungwa mgongoni kwa mbeleko hausikii wimbo kwa masikio tu, kwa kuwa huupokea pia kupitia mtetemo wa mgongo na mdundo wa hatua, na mara nyingine mdundo wa mchi kinuni. Maana ya maneno haimhusu bado. Utafiti wa Constance Bainbridge, Mila Bertolo na wenzao, uliotoka katika jarida la Nature Human Behaviour mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wachanga wa Marekani walitulia, na mapigo ya mioyo yao kupungua, waliposikia bembelezi za lugha za kigeni kuliko waliposikia nyimbo nyingine za kigeni zisizo bembelezi.

Ikiwa mtoto hayahitaji maneno, basi maneno yapo kwa ajili ya nani? Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alibainisha kwamba bembelezi haziimbwi na mama mzazi peke yake, bali pia na mlezi aliyeachiwa mtoto, na maneno huweza kubeba hisia za mlezi huyo: uchovu, njaa, hamu ya kumwona mama akirudi. Federico García Lorca, mshairi wa Hispania, alifikia hoja inayokaribiana na hiyo katika mhadhara wake wa mwaka 1928, alipozihusisha huzuni za bembelezi za kwao na wanawake maskini waliowalea watoto wa matajiri. Kwa hiyo wimbo una wasikilizaji wawili, mtoto anayepokea sauti na mtu mzima wa jirani anayepokea ujumbe, na msemaji hujificha nyuma ya mtoto ili aseme yale ambayo adabu isingemruhusu kuyasema ana kwa ana na mume, mama mkwe au wifi. Baba anayedhani kwamba wimbo hauna kichwa wala miguu huenda yeye mwenyewe ndiye anayeambiwa.

Fisi naye hastahili kuchukuliwa kuwa pambo. Mapori ya akiba ya upande wa Serengeti hayako mbali, na mapema mwaka 2025 suala la fisi wanaoshambulia watoto wilayani Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi na yenye kata ya Zagayu ndani yake, lilifikishwa bungeni. Kumtaja mnyama huyo wakati wa giza ni kumfundisha mlezi, zaidi ya mtoto, kwamba mlango ufungwe.

Minazi ni habari nyingine, kwani imetoka katika wimbo wa mchezo, si katika bembelezi. Ukuti Ukuti, unaotaja ukuti wa mnazi, ni mchezo wa duara uliozaliwa pwani, nao ukaenea bara kwa kupitia shule na lugha ya Kiswahili, ukabeba mti wa pwani hadi kwa watoto wasiowahi kuukwea. Mtu asitafute fumbo la kale hapo. Uingereza imetoa fundisho zuri kuhusu hatari hiyo, kwani wimbo wa Ring a Ring o' Roses, ambao wengi huamini kwamba unasimulia tauni ya London ya mwaka 1665, haukuonekana katika kitabu kilichochapishwa Uingereza hadi mwaka 1881, na maelezo ya tauni yalienea baadaye zaidi, katikati ya karne ya 20. Maana iliyofichika mara nyingi huongezwa na wasikilizaji waliokuja baadaye.

Kwa hiyo baba mtarajiwa na aulize kwanza ni nani anayeimba, amembeba mtoto namna gani, na ni nani mwingine yuko karibu anasikia, kabla ya kuuliza neno fulani lina maana gani. Bibi zake wa Zagayu wanaoyajua majibu wangali hai, na simu aliyo nayo mfukoni inatosha kuwarekodi kwa Kisukuma chao, bila kutafsiri kwanza, huku akiandika kando jina la mwimbaji, mahali alipojifunza wimbo na kazi aliyokuwa akiifanya alipokuwa akiuimba. Afanye hivyo kabla mtoto hajazaliwa, kwa sababu baada ya hapo nyumba haitakuwa na nafasi ya maswali.