Mlima Uliompokea Kigego

Wachina wana milima waliyoitukuza tangu kale, na katika iliyo mashuhuri zaidi ni Taishan, jimboni Shandong. Wafalme wao waliupanda kwenda kutoa sadaka kwa mbingu, na kando ya ngazi zake miamba imechongwa maandishi ya wafalme na ya washairi, hata mpandaji wa leo husoma kila apumzikapo. Mlima ule humthibitisha aliyekwisha kuwa mkubwa: mfalme hupanda akiwa mfalme, akashuka ufalme wake umetiwa muhuri.

Usambara una desturi nyingine. Apandaye kutoka Mombo hadi Lushoto, kisha akaelekea Kifungilo na msitu wa Magamba, hakuti mwamba uliochongwa shairi. Hukuta ukungu, miti mirefu, na mbega weusi kwa weupe wakiruka matawini. Maandishi ya mlima huu yamo kitabuni, na kitabu chenyewe ni cha Kiswahili: Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi, kilichotolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen.

Kisa chake kinajulikana, ila maana yake haijasemwa vya kutosha. Mbegha alizaliwa Ngulu, akaota meno ya juu kwanza. Huyo ni kigego, na kigego kwa watu wa zama zile ni nuksi. Jamaa zake wakamnyima urithi. Akahamia Kilindi, mwana wa mkubwa wa huko akafa katika mawindo aliyokwenda naye, ikambidi akimbie tena. Akaingia msituni na mbwa wake, akiwinda nguruwe, akiwagawia nyama Washambaa, nao wakimpa vyakula vya mashamba. Mwisho wa safari hiyo ni Vugha, na mkimbizi ni mfalme. Basi hapa mlima haukumthibitisha mkubwa, ulimpokea aliyetupwa.

Uzuri wa kitabu hiki umo katika ubahili wake wa maneno. Abdallah ni mtu wa pwani, na mtu wa pwani angeweza kuuimba msitu kwa macho ya mgeni: baridi, maji, majani. Yeye hakushughulika na hayo. Msitu kwake ni nguruwe, mbwa, njia, na nani kampa nani nyama. Kwa hiyo msomaji huuona mlima kama waonavyo wanaoula na kuuogopa. Wafasiri wa mandhari wana la kujifunza hapo.

Lakini kitabu kina upungufu, na kuunyamazia si heshima. Kimesimama upande wa nyumba ya Wakilindi. Sauti ya mkulima aliyemlisha mfalme ni hafifu. Upungufu huo uliangaliwa na Steven Feierman, aliyewasikiliza wazee wa Shambaai na kuandika The Shambaa Kingdom mwaka 1974, kisha Peasant Intellectuals mwaka 1990. Humo yamo maneno mawili ya Kishambaa yanayofungua fumbo la mlima: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye mvua aweza yote mawili. Hivyo utukufu wa mahali si sifa ya miti peke yake; ni deni, na mwenye kudai ni nchi. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ndugu na wana wakapigana, na Vugha yenyewe ikachomwa moto. Mlima uliompokea kigego haukuwazuia wajukuu zake kuharibu.

Kifungilo yenyewe ina kitabu chake. Maria Nhambu, katika Africa's Child cha mwaka 2016, asimulia utoto wake katika nyumba ya yatima ya masista wa Kijerumani mahali hapo, palipolelewa watoto wa damu mbili ambao hawakuwa na pa kwenda. Mtoto yule humbebesha uchungu wake rafiki wa kuwaza, Fat Mary. Sio sadfa ndogo: vizazi vingi baada ya Mbegha, milima ile ile inapokea watoto wenye kosa moja tu, la kuzaliwa walivyozaliwa. Tofauti ni kwamba Mbegha alipokewa kwa sababu alikuja na nyama mkononi. Mtoto wa Kifungilo hakuja na kitu, na kupokewa kwake kulikuwa na njaa ya upendo ndani yake. Kitabu cha pili, kwa hiyo, hukisaili cha kwanza: je, mlima humpokea aliyetupwa, au humpokea mwenye cha kutoa?

Swali hilo ndilo liwafaalo wanaopanda leo na kamera zao. Wengi hushuka na picha za mabonde, wakasema pametulia. Pametulia kweli. Ila vitabu hivi viwili viwekwe pamoja: kimoja cha Kiswahili kilichofasiriwa Kiingereza mwaka 1963, kingine cha Kiingereza, kilichoandikwa na mwanamke aliyewafundisha Wamarekani Kiswahili. Asiyevisoma ameiona miti. Aliyevisoma atamwangalia kwanza mtu anayekutana naye njiani, na kujiuliza nani leo anaitwa kigego.