Kitambaa Begani mwa Sanamu

Fundi akichukua kipande cha marekani, akakitupia begani mwa sanamu na kukiachia kianguke kitakavyo, mimi huacha shughuli zangu nikamtazama. Mbele yake hamna mchoro. Anakivuta kitambaa mshazari, anakibana kwa pini kiunoni, anarudi nyuma hatua mbili, kisha anachomoa pini zote na kuanza upya.

Ninayemzungumzia ni mama mmoja wa makamo, na raha yake ni begani. Hufinya kitambaa kwa kidole gumba na cha shahada, akakisokota kidogo, akakilegeza nusu. Papo hapo panainuka umbo ambalo hata yeye hakulitarajia: tuta linalozunguka shingo na kuporomokea mgongoni. Hashangilii. Huliacha usiku kucha, maana kitambaa kina uzito wake, na asubuhi ndipo atakapojua kama umbo lile lina nguvu ya kusimama au lilikuwa la kumdanganya tu. Subira hiyo ndiyo ninayoihusudu.

Kwangu mimi, malkia wa kazi hii ni Madame Grès wa Paris, aliyezaliwa Germaine Krebs mwaka 1903. Alitamani kuwa mchongaji, na kwa kweli alichonga, ila kwa jezi ya hariri. Kitambaa chenye upana wa karibu mita 3 alikitia marinda membamba hadi kikabaki sentimita 7 hivi, marinda yenyewe yameshikwa kwa mkono. Kabla yake Madeleine Vionnet alikuwa akijaribia mitindo yake juu ya mwanasesere wa mbao asiyefika hata mita 1. Alizungusha kitambaa mshazari hadi kikaufuata mwili bila kulazimishwa, na aliagiza vitambaa vipana kupita kawaida ili asikwamishwe na maungio.

Siku hizi mteja huja na picha kwenye simu, na nguo anaitaka kesho kutwa. Sanamu nayo imetolewa nje, imesimama mlangoni mwa duka ikiwa na gauni la kuuza na bei imening'inia shingoni. Nani atapata nafasi ya kukiuliza kitambaa kinataka kwenda wapi? Tunapata nguo zinazofanana, mabega yaleyale, viuno vilevile, halafu tunalalamika kwamba ubunifu umekwisha.

Mwaka 1952 Vionnet alitoa nguo zake pamoja na vitambaa vyake vya majaribio vihifadhiwe, na hadi leo viko Paris, watu wanavisoma. Kwetu, marekani iliyojaa alama za chaki na matundu ya pini huishia kupangusia mafuta ya cherehani. Ukimuuliza yule mama bega fulani alilipataje, hana cha kukuonyesha isipokuwa vidole vyake, na binti anayejifunza kwake itambidi aanzie pale pale alipoanzia yeye.