Kofia ya Karatasi kwa Kila Kichala

Mzabibu hauelewani na mvua nyingi. Majani yakilowa siku kadhaa mfululizo, kuvu huyashambulia. Punje zikinywa maji kupita kiasi karibu na mavuno, hupasuka na kuoza. Japani mvua hunyesha wiki nyingi kuanzia Juni, kisha vimbunga huja Septemba, wakati zabibu nyingi bado ziko mtini. Hata hivyo Koshu, mji mdogo wa mkoa wa Yamanashi magharibi mwa Tokyo, umejengwa juu ya zabibu.

Mji huu wa watu kama 30,000 ulizaliwa mwaka 2005, Enzan, Katsunuma na Yamato zilipounganishwa. Uko ukingoni mwa bonde la Kofu, na milima inayolizunguka hupunguza mvua inayofika huko. Mito nayo imemwaga changarawe miteremkoni kwa karne nyingi, kwa hiyo maji hayatuami kwenye mizizi. Ardhi imesaidia, lakini sehemu kubwa ya kazi imeachiwa mikono, na mikono hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu.

Anza na chanja. Mizabibu ya huko kwa kawaida haipangwi mistari ya kusimama kama ile ya Ufaransa. Matawi hutandazwa juu ya wavu wa waya ulioinuliwa kufikia kimo cha mtu, na mti mmoja mkubwa, ukipogolewa vizuri kila majira ya baridi, hueneza mikono yake minne pande zote hadi ukafunika eneo pana. Zamani chanja zilikuwa za mianzi, na wenyeji husimulia kwamba mganga Nagata Tokuhon ndiye aliyewafundisha kuzijenga mwanzoni mwa karne ya 17. Faida yake inaonekana wazi: majani yanakaa mbali na udongo uliolowa, upepo unapita chini yake, na kila kichala kinaning'inia peke yake mahali mkono unapofika.

Mkono utafika hapo mara nyingi. Kwa aina za kuliwa mezani, kama Kyoho na Shine Muscat, mkulima hupunguza shada la maua kabla halijachanua, akabakiza ncha ya sentimita tatu au nne tu. Maua yakifunguka, hukichovya kichala ndani ya kikombe chenye maji ya homoni iitwayo jiberelini ili punje zisiwe na mbegu, kisha hurudia siku kumi hadi kumi na tano baadaye ili zinenepe. Wengine hutia rangi nyekundu kidogo kwenye maji hayo, wapate kujua kipi kimeshachovywa. Homoni hiyo yenyewe ilianza kufuatiliwa katika mashamba ya mpunga: mwaka 1926 Kurosawa Eiichi, akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba kuvu fulani hutoa kitu kinachorefusha miche ya mpunga hadi ikaanguka. Ugonjwa wa mkulima mmoja ukaja kuwa chombo cha mwingine.

Baada ya hapo huja kazi ninayoiona kuwa kilele cha ufundi wao, kupunguza punje. Kichala kichanga hubeba punje nyingi kuliko kinavyoweza kulisha, na mkulima, kwa mkasi mwembamba, hubakiza kama 35. Hukata zilizodumaa, zinazotazama ndani, na zile zitakazosukumana na jirani zake. Macho yake yanaona punje ndogo, lakini akili lazima ione kichala cha Agosti, kila punje imejaa, hakuna pengo wala msongamano. Akikata kupita kiasi, kichala kitalegea. Akihurumia, punje zitabanana na kupasuka. Na muda ni mfupi, maana punje zikishakua, mkasi haupati tena njia ya kupita. Basi familia nzima hushinda chini ya chanja, shingo zimepinda, mikono iko juu, siku baada ya siku. Wengi wao ni wazee, kwa kuwa kilimo cha Japani kwa sehemu kubwa kiko mikononi mwa watu waliopita miaka 65. Nikila zabibu sasa, naitazama kwanza namna ilivyopangika.

Mwisho huja karatasi. Kila kichala huvishwa mfuko, au kofia ndogo ya karatasi yenye nta inayomwaga maji pembeni. Kofia hizo huvishwa hata zabibu za mvinyo za aina iitwayo Koshu, yenye ngozi nene ya rangi ya waridi. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya nasaba yake ni mzabibu uleule wa Ulaya na Asia ya Magharibi, uliochanganyika na mizabibu ya mwituni ya Asia ya Mashariki. Zabibu imeingia hata hekaluni: katika Daizenji, hekalu la Kibuddha la Katsunuma, ambalo ukumbi wake mkuu ulijengwa mwaka 1286, kuna sanamu ya Buddha wa uponyaji inayosemekana kushika kichala cha zabibu mkononi.

Zabibu zikiisha, mikono haipumziki. Novemba, matunda makubwa ya kaki, ambayo yakiwa mabichi hukausha ulimi kwa ukakasi, humenywa na kuning'inizwa kwa kamba chini ya mapaa ya nyumba za Enzan. Baadaye huanikwa juani, yakageuzwa na kukandwa kwa vidole hadi sukari yake itoke nje kama unga mweupe. Mwaka 2022 kilimo cha matunda cha ukanda huu kiliingizwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, katika urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

Mvinyo nao una historia yake. Mwaka 1877 vijana wawili wa Katsunuma, Takano Masanari na Tsuchiya Ryuken, walitumwa Ufaransa kujifunza kuutengeneza, wakarudi mwaka 1879. Wenyeji wakaupokea kwa namna yao: waliuweka katika chupa kubwa za sake za lita 1.8, na wazee wa Katsunuma bado huumimina katika vikombe vya chai.