Maji ya Kuoshea Mchele

Kitalu ninakonunua maua hapa Bariadi kina ndoo tatu chini ya mwarobaini. Ya kwanza ina maji yaliyooshea mchele, ya pili maji yaliyosuuzia mboga, ya tatu maji safi, nayo hufunikwa. Hiyo ya tatu mayu (mama, kwa Kisukuma) mwenye kitalu huifungua kwa ajili ya miche michanga tu. "Haya makubwa yameshazoea," aliniambia siku moja, akimimina maji meupe kwenye kopo la asumini.

Kwangu mimi, ufundi wote wa biashara ya maua katika mkoa huu umo ndani ya ndoo hizo. Kuanzia Juni mvua hukatika kwa miezi, mto Simiyu hubaki mchanga, na watu huchimba visima humo humo mtoni. Anayemwagilia maua huku jirani akipita na dumu kichwani hana budi awe na jibu. Jibu la mayu ni kwamba ua lake linakunywa baada ya watu kula.

Nenda ukamtazame akichanganya udongo. Udongo wa mbuga ni mweusi. Ukilowa unanata, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na mzizi wa waridi husongwa humo. Basi huutia luseni, ule wa kichanga, na mapumba ya mpunga ili upumue, kisha samadi. Usukumani samadi si ya kutafuta, ila haraka huiharibu: mbichi huunguza mizizi. Yeye huifikicha na kuinusa. Ikinukia ng'ombe, bado. Ikinukia mvua, tayari. Kipimo hicho sijakiona katika kitabu chochote, na ningekiamini kuliko vingi vilivyomo vitabuni.

Wenzetu wa Naivasha, Kenya, wanaosafirisha waridi kwa ndege hadi Ulaya, somo la maji walilipata kwa uchungu. Ukame wa mwaka 2009 ulipolishusha ziwa lao, lawama ziliyaelekea mashamba ya maua. Leo yapo yanayokinga mvua kwenye mapaa ya vitalu nyumba, na yapo yanayofuga utitiri unaokula utitiri mwenzake ili kupunguza sumu.

Lakini kwa nini twende mbali? Ua kubwa kuliko yote mkoani Simiyu halipangwi dukani. Ni ua la pamba: leo limechanua rangi ya maziwa, kesho limegeuka waridi, halafu linanyauka kuacha kitumba. Kule wilayani Meatu, tangu mwaka 1994, wakulima wa mradi wa bioRe hulima pamba bila sumu za viwandani. Katikati ya pamba hupanda mistari ya alizeti, ambayo huwavuta funza wa vitumba waiache pamba. Ua linalinda ua mwenzake! Mayu hana eka za alizeti, lakini akili ni ile ile: vidukari huwapulizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, na uzio wake ni minyaa, ambayo haidai hata tone.

Na anajua kukataa. Wateja humwomba waridi kubwa kama ya kwenye kadi za harusi. Yeye huwaonyesha bogenvilia, ambayo huoteshwa kwa kipande cha tawi, ikishashika mizizi huvumilia jua, na huchanua vizuri zaidi ikinyimwa maji kidogo. Wengine huondoka wamenuna. Biashara inayomuuzia mtu ua litakalomfia Agosti mimi naiita utapeli, hata kama risiti imeandikwa.

Kinachomshinda ni viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya kilimo viliachwa, na viriba vyeusi bado vinapeperuka hadi kwenye minyaa. Miche mikubwa huitia kwenye makopo ya rangi na madumu yaliyokatwa. Midogo bado haina pa kwenda.

Kwa hiyo wewe unayenunua, usikichane kiriba kwa kisu. Mwagia maji, kibonyeze pande zote, mche utoke na udongo wake. Kisha kikung'ute, umrudishie mayu. Kitabeba mche mwingine.