Asili si Maana: Uhakiki wa Usomaji wa Majina ya Watu, kwa Mifano ya Norwei na Kamituga

1.0 Utangulizi

Yapo mazoea yaliyokwisha kuota mizizi katika madarasa yetu ya Kiswahili, katika mimbari za makanisa na hata katika vijitabu vinavyouzwa sokoni: mazoea ya kupanga majina ya watu katika safu mbili. Safu ya kwanza huwa na jina. Safu ya pili huwa na kile kinachoitwa "maana" yake. Msomaji akishapitisha kidole kutoka safu moja hadi nyingine, huambiwa kuwa amelielewa jina.

Makala haya yanakusudia kuhakiki mazoea hayo. Tunadai kwamba orodha za namna hii huchanganya mambo matatu yaliyo tofauti: asili ya jina, maana ya jina, na sababu ya jina. Ili kuthibitisha dai hili tutalinganisha majina ya Wanorwei na majina yanayotumika Kamituga, mji wa dhahabu katika eneo la Mwenga, Kivu ya Kusini. Ulinganishi huu hautokani na kupenda mambo ya mbali. Wapentekoste wa Norwei walifungua misheni huko Kaziba miaka ya 1920, na kanisa lililozaliwa na kazi yao, yaani CELPA, lina makao yake makuu Bukavu. Watu hao walikuja na majina yao, nao wakawakuta wenyeji wana majina yao. Kwa hiyo suala letu lina historia hapahapa nyumbani.

2.0 Asili, maana na sababu

Tuanze na jina ambalo kila msomaji wa Kivu analifahamu: Bahati. Asili yake ni neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu hadi pwani, kisha likapanda bara pamoja na Kiswahili. Maana yake katika Kiswahili cha leo ni sudi, au heri inayomjia mtu bila ya yeye kuitafuta. Ama sababu ya kumwita mtoto fulani Bahati, hiyo haimo katika kamusi yoyote. Huenda mama alijifungua salama baada ya kupoteza watoto wawili. Huenda baba alipata kazi wiki ileile. Huenda ni jina la rafiki aliyewasaidia. Asili anaijua mwanaisimu, maana anaijua kila msemaji wa lugha, bali sababu anaijua aliyekuwapo.

Orodha ya safu mbili hailioni tofauti hilo la wajuzi. Mara hutoa asili na kuiita maana, mara hutoa maana na kuichukua kuwa ndiyo sababu. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

3.0 Majina ya Wanorwei

Majina ya kale ya Norwei yalijengwa aghalabu kwa kuunganisha vipashio viwili. Katika Sigrid mna "ushindi" na "mzuri". Katika Sigurd mna "ushindi" na "mlinzi". Katika Torbjørn mna Tor, mungu wa radi, na dubu. Katika Astrid mna neno la kutajia miungu pamoja na "mzuri". Mtunga orodha akifika hapa hufurahi, kwa kuwa safu yake ya pili inajaa bila taabu.

Lakini na tumpe jina la Gunnhild. Kipashio cha kwanza ni "vita". Kipashio cha pili pia ni "vita". Je, wazazi waliomwita binti yao Gunnhild walikusudia kusema "Vitavita"? La hasha. Jina hili linatufichulia siri ya mfumo mzima: vipashio vilichaguliwa kwa sababu vilikuwa vya heshima, na mara nyingi kwa sababu kimojawapo kilikuwamo katika jina la baba, la nyanya au la babu. Muungano wake haukudaiwa kuwa na maana kama sentensi inavyodaiwa kuwa nayo. Jina lilimfunga mtoto na ukoo wake. Halikuwa tamko juu ya tabia yake.

Jina la Olav linalithibitisha jambo hili kwa namna nyingine. Asili yake ya kale kabisa ni muungano wa "mhenga" na "kilichoachwa" au "mrithi", yaani yule aliyeachwa na wahenga. Ni jina lililozaliwa kabla ya Ukristo kufika Norwei. Hata hivyo, mfalme Olav Haraldsson alipouawa Stiklestad mwaka 1030 na baadaye kuhesabiwa mtakatifu, jina hilohilo likawa jina la Kikristo kuliko mengi mengine nchini humo. Asili haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kumbukumbu ya watu.

Yapo pia majina yaliyoingia Norwei kwa njia ya Kanisa, yakanyolewa na kushonwa upya kulingana na matamshi ya wenyeji: Petro akawa Per, Katarina akawa Kari, Laurenti akawa Lars. Jambo hili halina ugeni kwetu sisi ambao pwani yetu ilimpokea Fatima ikamfanya Fatuma. Mnorwei wa leo anayeitwa Kari hajihisi kuwa amebeba jina la kigeni, kama vile mama Fatuma wa Kilwa asivyojihisi hivyo.

Sasa tumtazame Gunnerius Tollefsen, mmojawapo wa waanzilishi wa misheni ya Kinorwei katika Kivu. Jina lake la pili lina maana ya "mwana wa Tollef", na Tollef ni umbo la Torleiv, ambamo mna Tor, yuleyule mungu wa radi, pamoja na kipashio kilekile cha "mrithi" tulichokiona katika Olav. Mtu aliyekuja kuhubiri Injili milimani mwa Wabaziba alibeba ndani ya jina lake mungu wa kipagani wa mababu zake. Hatulisemi hili kwa kejeli. Yeye hakuwa mwabudu wa Tor, wala hakuna aliyemshuku. Tunalisema ili kuonyesha kuwa asili ya jina haina mamlaka juu ya imani ya mwenye jina. Na kama kanuni hiyo ilimfaa mgeni, basi inamfaa na mwenyeji.

4.0 Majina ya Kamituga

Kamituga ni ardhi ya Walega, lakini uchimbaji wa dhahabu, ulioanza wakati wa ukoloni chini ya kampuni ya Kibelgiji ya MGL na kuendelezwa na SOMINKI tangu 1976, uliwaleta pamoja Walega, Washi, Wabembe na wengineo. Katika mji wa namna hii Kiswahili ni lugha ya shimo, ya soko na ya ua. Ndiyo maana majina ya Kiswahili yamestawi sana huko na Kivu nzima: Furaha, Riziki, Amani, Zawadi, Neema, Shukuru, na kwa upande wa pili Mateso, Machozi, Tabu.

Majina haya, tofauti na Gunnhild au Olav, yanaeleweka papo hapo. Hali ni hiyohiyo kwa majina ya Kishi: Nsimire ni "nimefurahi, nimeshukuru", Murhula ni "amani", Mushagalusha ni "mwenye kuwafurahisha wengine", ambapo kiambishi cha kusababisha kinasikika wazi. Tofauti ni kwamba Nsimire huelewa Mshi, ilhali Shukuru huelewa jirani yeyote. Tunaona, basi, kuwa jina la Kiswahili Kamituga ni kauli inayotolewa kwa majirani wa makabila yote. Mzazi anayemwita mwanawe Shukuru anazungumza na ua mzima.

Hapa ndipo sababu inapopata uzito wake. Mateso si maelezo ya mtoto. Ni maelezo ya mwaka, ya safari, ya ujauzito, ya vita, ya hali ambayo mzazi aliipitia na ambayo hakutaka isahaulike. Mtoto amefanywa shahidi, wala hakufanywa mhukumiwa. Aidha, mara nyingi jina hilo ni ushindi: mateso yalikuwapo, na tazama, mtoto huyu hapa.

5.0 Majazi na maisha

Kwa nini basi watu wengi husoma majina haya kinyume? Sehemu ya lawama, hatuna budi kukiri, ni yetu walimu wa fasihi. Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi mbinu ya majazi, yaani mwandishi kumpa mhusika jina linalotangaza tabia yake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama na Majivuno hawana jinsi ya kuyakimbia majina yao. Wametungwa kwa ajili hiyo. Mwanafunzi akijibu katika mtihani kuwa Majivuno ana majivuno, hupewa alama zake, na ni haki.

Kosa ni kuichukua mbinu ya mtunzi na kuifanya kanuni ya maisha. Mtunzi huyajua maisha ya mhusika kabla ya kumpa jina. Mzazi humpa mwana jina kabla ya kuyajua maisha yake. Hata katika fasihi, jina halitegemei asili yake kila mara. Mnorwei Henrik Ibsen alipoandika Peer Gynt mwaka 1867, alimpa jina la Solveig mwanamke anayemngojea Peer hadi uzeeni. Wataalamu hawakubaliani hata leo iwapo kipashio cha kwanza cha jina hilo ni "jua" au "ukumbi". Hata hivyo, anayeijua tamthilia hiyo akilisikia Solveig hufikiria uaminifu na subira. Maana hiyo imeletwa na kazi ya sanaa. Haikuletwa na etimolojia.

Madhara ya kuchanganya mambo haya si ya darasani tu. Katika baadhi ya vikundi vya maombi husikika mafundisho kwamba jina kama Mateso au Machozi ni laana iliyofungwa juu ya mtu, na kwamba anayelibeba hana budi kulivua ili afanikiwe. Binti huambiwa kuwa umaskini wake unatokana na kinywa cha mama yake. Mnamo tarehe 11 Septemba 2020 mashimo ya dhahabu yaliporomoka Kamituga baada ya mvua kubwa, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Mvua haikuuliza jina la mtu. Chanzo cha maafa ya namna ile ni udongo uliolowa, mashimo yasiyo na miimo ya kutosha, na umaskini unaowasukuma vijana kushuka humo. Anayemfundisha mchimbaji kulichunguza jina lake badala ya kulichunguza shimo lake anamdhulumu mara mbili: anamnyang'anya ushahidi wa mzazi wake, na anamficha hatari iliyo mbele yake.

6.0 Majina mbele ya sheria

Dola nazo zimejiingiza katika usomaji wa majina. Norwei ilipojitenga na Swideni mwaka 1905, ilimwalika mwanamfalme wa Denmark, Carl, kuwa mfalme wake. Carl akajiita Haakon wa Saba, na mwanawe Alexander akaitwa Olav. Taifa lililotaka kusimama lenyewe lilihitaji majina ya wafalme wake wa kale. Mwaka 1925 mji mkuu nao ukaliacha jina la Kristiania na kurudia jina la Oslo. Mkazi wa Bukavu, mji uliokuwa ukiitwa Costermansville, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Kwetu, siasa ya Uhalisi ya Mobutu iliwataka Wazairi mwaka 1972 wayaache majina ya kigeni. Paulo na Maria yakafichwa. Bahati, Furaha na Amani yakasalimika. Lakini kwa mizani ya asili, haya nayo yalitoka Uajemi na Uarabuni! Waliotunga siasa ile walifuata, bila kujua, kanuni tunayoitetea hapa: jina ni la watu wanaolitumia na kulielewa. Tatizo ni kwamba waliikubali kanuni hiyo kwa Furaha na kuikataa kwa Maria. Sheria ya Familia ya 1987 iliendelea kudai majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa taifa. Ni swali la haki kuuliza urithi huo unapimwa kwa asili au kwa matumizi.

Suala hili limepata sura mpya kwa familia za Kikongo zilizopokelewa Norwei kama wakimbizi. Katika Kivu, baba, mama na watoto wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, kila mmoja na kauli yake. Daftari la Norwei hudai jina la ukoo. Basi kauli ya mtoto mmoja, tuseme Nsimire, yaweza kugeuka kuwa jina la vizazi vyote vijavyo. Ajabu ni kwamba Norwei yenyewe ilikuwa na mfumo usio mbali na wetu: mwana wa Hans alikuwa Hansen, na mwana wa huyo, kama baba yake aliitwa Ole, alikuwa Olsen. Sheria ya 1923 ndiyo iliyolifanya jina la ukoo lisilobadilika kuwa lazima. Karani anayeshangaa kwa nini mtoto wa Kamituga hana jina la baba yake angewauliza wahenga wake mwenyewe.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa asili ya jina ni habari ya lugha, maana ni mali ya jamii, na sababu ni siri ya nyumba. Hatupendekezi orodha za majina zitupwe. Tunapendekeza ziongezewe safu. Mwanafunzi anayekusanya majina Kamituga, Mwenga au Bukavu na asiishie kwenye kamusi. Amwendee mama mwenyewe, aketi, na aulize kwa adabu: mtoto huyu alizaliwa katika hali gani, na nani aliyemwita hivyo? Jibu likikosekana, safu hiyo na iachwe wazi. Safu iliyo wazi ni afadhali kuliko safu iliyojazwa kwa kubahatisha, maana juu ya majazo hayo kuna watu wanaojengewa hatia wasiyokuwa nayo.