Dhahabu Yenye Vazi na Dhahabu Isiyo na Vazi

Ule mstari mwekundu wa kipimo cha haraka cha malaria, ambao tabibu wa zahanati na mama aliyempakata mwanawe huungojea kwa dakika 15 au 20, aghalabu si wino wala rangi ya mmea, bali ni dhahabu halisi iliyogawanywa vipande vidogo mno hata ikauacha umanjano wake. Na mwenye kutaka kufahamu jinsi madini haya ya thamani yalivyopata kazi katika utabibu, na kadhalika katika kuchochea mabadiliko ya kikemia, sharti autazame uso wake kabla ya uzito wake. Mchemraba wa dhahabu wa sentimita 1 kila upande una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukikatwa vichemraba vya nanomita 10, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita, nyuso zake zote hutimia mita 600 za mraba, ilhali dhahabu ni ile ile.

Michael Faraday wa London, aliyeeleza kazi yake mbele ya wanazuoni wenziwe mwaka 1857, alitumia fosforasi kuitoa dhahabu katika myeyusho wa kloridi yake, akapata maji mekundu kama yakuti, na akaona kwamba chumvi kidogo tu huyageuza kuwa ya buluu. Chembe zikikaa mbalimbali humeza mwanga wa kijani na kutuachia wekundu. Chumvi ikizikutanisha, rangi hubadilika. Mwaka 1951, John Turkevich na wenzake wa Princeton waliichemsha kloridi hiyo pamoja na sitrati, dawa ifanyayo kazi mbili kwa mpigo: huizalisha dhahabu, kisha huzivika chembe chaji hasi zipate kusukumana zisigandamane.

Lakini damu nayo ina chumvi, na vazi la sitrati ni jepesi mno kustahimili. Kwa hiyo watengenezaji wa vipimo huzivika chembe kingamwili, na kiasi kitoshacho hutafutwa kwa njia ile ile iliyomshangaza Faraday: neli hupangwa safu, kila moja ikitiwa kingamwili zaidi ya iliyotangulia, kisha zote hutiwa chumvi, neli ya kwanza kubaki nyekundu ndiyo hudhihirisha kipimo cha vazi. Katika ukanda wa kipimo, protini ya kimelea iitwayo HRP2, ikiwamo damuni, hushikwa upande mmoja na kingamwili ya dhahabu na upande wa pili na kingamwili iliyopigwa mstari juu ya utando, hata chembe zikarundikana zikaonekana kwa macho. Mstari wa pili, ambao wagonjwa wengi huudhania kuwa ni habari ya afya yao, hauthibitishi ila kwamba majimaji yamepita sawasawa. Na kimelea kilichopoteza jeni ya protini ile, kama kilivyoonekana huko Eritrea, hukipita kipimo hiki salama, wala hapo dhahabu haina lawama.

Katika uchochezi wa kikemia mambo hupinduka, kwani gesi isiyoufikia uso wa dhahabu haibadiliki, na kila kiufunikacho ni hasara. Masatake Haruta wa Osaka alionyesha mwaka 1987 kwamba dhahabu, iliyosifika karne nyingi kwa kutojali kitu, yaweza kuiunguza monoksidi ya kaboni katika baridi iliyo chini sana ya sifuri, maadamu chembe zake ni za nanomita chache tu na zimekaa juu ya oksidi kama ile ya chuma. Siri ilikuwa katika maandalizi: chumvi za dhahabu na za chuma zilitungamishwa pamoja kwa sodiamu kaboneti, tungamo likaoshwa, likakaushwa, likachomwa kwa joto la nyuzi 400, oksidi ikawa ndiyo nanga ya chembe, tena ikashiriki katika kazi yenyewe. Magazeti hupenda kusimulia udogo wa chembe na kuusahau uoshaji huu, nami naona hapo ndipo ustadi ulipo, kwa kuwa kloridi ikisalia, chembe huungana tanuruni zikakua, na kichocheo kikatoka kimekwisha kufa.